Ghorofa ya Maharage

Chakula chenyewe ni rahisi, na urahisi wake ndio ulionimaliza. Kingekuwa kigumu ningesema sikiwezi, wangenielewa. Lakini ni chapati, maharage na jibini, basi. Unatandika chapati ndani ya sufuria, unamwaga maharage yaliyopondwa kidogo na kukaangwa na kitunguu, nyanya na hoho, unanyunyiza jibini, unaweka chapati nyingine, maharage tena, jibini tena, mpaka sufuria ijae. Unafunika. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki. Ukisikia harufu ya jibini inayoanza kuungua pembeni, unaepua. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Wanangu wawili wa kike walipoona kipande cha kwanza kikitolewa na matabaka yake yote, wakasema hii ni ghorofa, na jina likakaa.

Mimi si mtu wa Mbulu. Kwetu ni Mbinga, kwenye kahawa, na nilipangiwa kufundisha shule ya msingi huku Maretadu nikiwa msichana, nikaja na begi moja na hasira nyingi, maana nilikuwa nimeomba Njombe. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja. Nikaolewa. Mume wangu alikuwa mtu wa hapa hapa, mkulima, mpole, mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Alijenga nyumba yetu ng'ambo ya korongo, upande wa pili wa boma la mama yake, kiasi kwamba asubuhi mama mkwe akifungua mlango aliona kama moshi wetu umeanza. Kisha akaugua, muda mfupi tu, akafa mvua za masika zikianza. Nilibaki na watoto, na moshi wangu uliendelea kuhesabiwa kila asubuhi.

Kwa mama mkwe kulikuwa na utaratibu wa chakula cha jioni kila Jumapili. Watoto wake wote walikuja, hata yule anayekaa Balangdalalu alikuja na pikipiki yake, na wake za watoto tulipokezana kupika. Zamu yangu ilipofika kwa mara ya kwanza baada ya msiba, sikuwa na moyo wa kupika wali wala kuchinja kuku. Nilikuwa nimeona chakula hicho kwenye simu, mwanamke fulani wa nchi nyingine akikipanga kwenye bakuli la kioo. Nikasema potelea mbali. Maharage yapo, ngano ipo, maziwa yapo.

Jibini nilitengeneza mwenyewe. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, akinitazama nikikamulia limao kwenye maziwa yanayochemka. Yalipokatika akashika kichwa.

"Mwalimu," akasema. Hajawahi kuniita vingine. "Umeyaua."

"Hayajafa, mama. Subiri kidogo."

"Maziwa mazuri namna hii. Umeyaua na bado unakoroga."

Nikayachuja kwa kipande cha kanga safi, nikakunja, nikaweka jiwe juu yake maji yatoke. Jibini ya namna hiyo haivutiki kama ile ya kwenye simu. Inakaa chengachenga, lakini ikipata moto wa juu inabadilika rangi na kushika, na ina uchachu kidogo ambao maharage yanaupenda. Mama mkwe alinusa, akasogea mbali, akasema yeye atakula ugali.

Hakula ugali. Tangu mwanawe azikwe alikuwa anakula kwa kuonja: matonge mawili, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Tulijaribu kila kitu. Meno ya nyuma nayo yalikuwa yameondoka, kwa hiyo nyama ilikuwa kazi, na kuhusu kuku alisema anamkumbusha wageni wa msiba. Jioni ile nilimkatia kipande kidogo, kwa adabu tu. Akakila polepole, akitazama moto. Halafu akanyoosha sahani.

"Hii chakula," akasema, "iko laini. Niongeze."

Shemeji mkubwa, kaka wa kwanza wa marehemu, alinitazama kama mtu aliyeona mvua mwezi wa tisa. Mke wake alinyanyuka akaninyang'anya kijiko, akampakulia mama yeye mwenyewe, kipande kikubwa. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na nikasingizia moshi.

Kosa la furaha ni kwamba haina akili. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya mke wa shemeji, lakini Jumamosi jioni alikuja nyumbani na ndoo ya maharage na mfuko wa unga wa ngano.

"Dada, nisaidie. Mama ameuliza ghorofa."

"Njoo nikufundishe basi."

"Nifundishe nini? Mkono ni wako. Mimi nitaosha vyombo."

Jumapili nyingine hivyo hivyo. Baadaye hawakuleta hata ombi, walileta maharage. Zamu zikafa bila mtu kutangaza kifo chake. Jumamosi nilikuwa naloweka, nachemsha, nakanda, nakatisha maziwa. Jumapili nikitoka kanisani naingia jikoni kwa mama mkwe na kutoka giza likishaingia, nguo zangu zote zinanuka mkaa. Madaftari ya wanafunzi nilisahihisha Jumatatu alfajiri. Na kila Jumapili sifa. "Shemeji, ungefungua hoteli Haydom ungetajirika." "Shemeji, marehemu alijua kuchagua." Hiyo ya mwisho ilinichoma zaidi ya zote, kwa sababu ilisemwa kwa upendo, na kwa sababu niliyekuwa nimechaguliwa nilikuwa nimesimama nashika mfuniko wenye makaa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji makusudi. Jumapili moja nilipunguza chumvi nusu. Wakasema leo ni nzuri kwa presha ya mama. Nyingine nikaacha chini iungue. Mama mkwe akagombania ule ukoko na wajukuu wake. Nikaacha hoho, nikaacha nyanya, nikaweka maharage magumu yasiyoiva vizuri, na yule shemeji wa Balangdalalu akasema sasa ghorofa imepata zege. Wakacheka wote. Nilicheka pia, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya gogo, nikajiuliza mtu anatokaje mahali ambapo hakuna aliyemfungia.

Tumaini langu lilikuwa kiangazi. Nilikuwa natumia maziwa ya jirani, na majani yalipokauka jirani akaanza kunipa kikombe badala ya chupa. Bila maziwa hakuna jibini, bila jibini ghorofa ni maharage na chapati tu. Niliwaambia watu mezani, kwa uso wa huzuni niliokuwa nimeufanyia mazoezi, kwamba tutapumzika mpaka mvua. Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu. Nilidhani amekubali.

Jumapili iliyofuata tulipomaliza kula alitoka nje, na watu wote wakatoka nyuma yake. Kulikuwa na ng'ombe jike amesimama uani, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, na tumbo lenyewe limejaa mimba.

"Mwalimu," akasema, "huyu utakaa naye wewe. Maziwa yake ni ya kwako na watoto."

Niliona maziwa. Niliona mbolea kwa bustani yangu ya mboga. Nikapiga goti kama nilivyoona wengine wakifanya, nikasema, "Asante sana, mama." Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji mkubwa akanishika mkono kwa mikono yake miwili, muda mrefu, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikajisemea watu hawa wanapenda jibini kuliko nilivyofikiri.

Jumatatu nilimsimulia mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima aliyezaliwa kijiji hiki hiki. Aliacha kula kiporo chake cha mihogo.

"Alikupa mbele ya watu?"

"Watu wote."

"Na wewe ukasema asante?"

"Ningesema nini?"

"Basi hongera, mwenzangu. Umeolewa mara ya pili."

Kuwekesha ng'ombe nilikuwa nakujua. Mwenye wengi humpa mwingine amtunzie. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata samadi, ila ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Mbulu nzima imeshonwa kwa ng'ombe wa namna hiyo, wa huyu wako kwa yule. Nisilolijua ni kwamba katika ukoo ule, mjane akipokea ng'ombe kutoka kwa mama mkwe mbele ya watu, amesema anabaki. Haapi, haweki sahihi. Amepokea tu, inatosha. Wazee wanaacha kumjadili, mashamba ya mumewe hayaguswi, na yeye haendi popote.

"Mbona hawakuniambia?"

"Nani akuambie?" akasema mwenzangu. "Unasema shikamoo kama sisi, unalima kama sisi. Walidhani unajua."

Jioni nilimpigia mama yangu mzazi, Mbinga, nikamsimulia. Alicheka sana. Mama yangu ni mtu wa kucheka, hata sasa macho yake yanapofifia na anatambua watu kwa sauti. "Kwa hiyo na wewe umo zizini," akasema. Nilicheka naye, nikakata simu, nikalia. Kwa sababu kabla ya ng'ombe, miezi mingi kabla, nilikuwa nimeomba uhamisho kwenda Mbinga. Mimi ni binti yake pekee. Kaka zangu wako mbali na wana maisha yao, na jirani anayemchungulia mama ni mwanamke mzee kama yeye. Niliomba uhamisho kimyakimya kwa sababu wanaoomba ni wengi na wanaopata wachache, na sikuona sababu ya kuwasumbua watu kwa jambo ambalo huenda lisitokee.

Likatokea. Ng'ombe alikuwa ameshazaa, ndama jike, na mimi nilikuwa nimezoea kukamua mpaka vidole vikapata nguvu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa mkono. Shule zikifungwa mwezi wa sita niondoke, zikifunguliwa niwe kwenye kituo kipya. Nilitoka ofisini nikasimama kwenye uwanja wa mpira, upepo wa baridi unanipiga, na nilichokihisi kilikuwa hofu. Furaha ilikuwepo, ila ilikaa nyuma, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Nilipanga kuwaambia Jumapili. Nilipika, nikapakua, nikafungua mdomo, na mama mkwe akasema, "Wajukuu wangu wamenenepa kwa maziwa ya huyu ng'ombe," akawapapasa mashavu. Wanangu wanamwita ama, ndivyo watu wa huku wanavyomwita bibi, na wanaongea naye lugha yake kwa kasi ambayo mimi siifikii. Nikafunga mdomo. Jumapili nyingine mvua ya mwisho ilinyesha, kila mtu akazungumzia mahindi. Nyingine mama mkwe alikuwa na mafua, nikasema nisimwongezee. Nilikuwa na sababu kila wiki, na kila wiki nilikuwa naweka chapati juu ya maharage na maharage juu ya chapati, na neno langu likizidi kukaa chini kabisa.

Mwisho nilisema vibaya, kama jambo lililocheleweshwa linavyosemwa. Nilikuwa nimesimama na kisu mkononi, nakata vipande. Nikasema, "Nimepata uhamisho. Tunahamia Mbinga shule zikifungwa. Mama yangu haoni vizuri." Nikaendelea kukata.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Shemeji mkubwa alisafisha koo.

"Mzazi ni mzazi, shemeji," akasema. "Hakuna anayekuzuia. Umrudishe tu ng'ombe kwa mama, uende kwa amani."

Mama mkwe alinyoosha sahani yake, nikamwekea kipande, akala chote.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, mke wa shemeji alisugua sufuria yangu muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Dada," akasema bila kuniangalia, "unajua lakini kwamba lazima apokee kamba kwa mkono wake? Ukimfunga ng'ombe pale na kuondoka, umemtupa. Na aliyetupa ng'ombe wa mama mkwe, hata watoto wake wakija kuzuru kaburi la baba yao, hawatakaribishwa maji."

"Atapokea?"

"Mama?" Akamwaga maji machafu, akasimama. "Sijui."

Ningeweza kuondoka tu. Najua unavyofikiri unaposoma, maana nilifikiri hivyo hivyo: hakuna polisi wa ng'ombe, basi la alfajiri linapita Haydom kila siku, panda uende. Lakini wanangu ni wa pale. Baba yao amelala pale, chini ya mgrevilea alioupanda mwenyewe. Sikutaka waje siku moja wakiwa wakubwa, wasimame njiani kama watu waliopotea, kwa sababu mama yao alikuwa na haraka.

Shule zikafungwa. Nilifunga mizigo. Nikamwambia mama yangu kwamba Jumanne asubuhi namrudisha ng'ombe, mchana tunaondoka na gari la mtu mpaka Haydom, tunalala, alfajiri tunapanda basi. Akasema ameshamwomba jirani atandike kitanda.

Jumanne niliwaacha watoto na mizigo, nikavuka korongo na ng'ombe, ndama anafuata nyuma akirukaruka. Watu waliokuwa wanapura maharage mashambani waliinuka kunitazama. Nilisalimia kila mtu mzima, shikamoo, shikamoo, na kila mmoja alijibu marahaba na hakuniuliza naenda wapi. Mtu wa Mbulu asiyekuuliza unakokwenda anajua unakokwenda.

Mama mkwe alikuwa uani. Nadhani alikuwa ameniona tangu nashuka korongo, maana nilipofika langoni alikuwa ameshika ungo umejaa maharage, mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Watoto wameamka salama?"

"Wameamka, mama. Nimemleta."

"Karibu," akasema. "Ngoja nimalize maharage."

Nikasimama na kamba. Akapeta maharage, akachagua mawe, akapuliza maganda. Alipomaliza, kabla ungo haujagusa chini, aliinama akachukua beseni. Alipotua beseni, tayari alikuwa ameshika kuni. Kisha ndoo, kisha ufagio. Sikuwahi kumwona mwanamke wa umri ule akifanya kazi nyingi namna ile bila kupumzika. Kila nilipojongea, mikono yake ilikuwa na kitu. Nilianza kuona kuwa anachoka, na nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kwa sababu namwonea huruma.

"Mama, tafadhali. Gari linakuja mchana."

"Sikatai, mwalimu. Nina kazi tu."

Jua likapanda. Mkono wangu ukafa ganzi. Alipojaribu kunyanyua gunia la maharage peke yake, nilimfunga ng'ombe kwenye nguzo nikakimbia kumsaidia, na nilipoligusa lile gunia nikajua siku imekwisha. Kumfunga si kurudisha. Tulilibeba wawili mpaka ghalani. Mwenye gari alinipigia mara mbili, mara ya tatu hakupiga tena. Nilimtumia ujumbe mke wa shemeji awape watoto chakula. Halafu nilikaa chini nikachambua maharage na mama mkwe, mchana kutwa, kama siku yoyote, na moyoni nilikuwa natukana kwa Kimatengo, lugha ya kwetu.

Jioni ng'ombe alianza kulia. Kiwele kilikuwa kimejaa.

"Mkamue, mwalimu," akasema mama mkwe. "Anaumia."

"Si ni wako, mama? Mkamue wewe."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni. "Nikimshika mimi," akasema, "na wewe umekwenda."

Nilichukua kibuyu. Niliruhusu ndama anyonye kidogo, nikamtoa, nikachuchumaa. Maziwa yalikuwa yanatoka vizuri, povu linapanda, na hapo simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye chuchu. Ikakata, ikalia tena. Mama mkwe akasogea, akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta langu, akaitoa. Hakujua kuipokea, nikamwonyesha kwa kidevu. Akabonyeza, akaniwekea sikioni. Simu yangu ina sauti kubwa, na mama yangu anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Mmefika wapi, mwanangu?" akasema mama yangu.

Nikaendelea kukamua.

"Haloo? Mmeshafika Haydom? Nasikia kama ng'ombe."

Mama mkwe akaitoa simu sikioni kwangu, akaiweka mbele ya mdomo wake mwenyewe, mbali kidogo, kama mtu anayepuliza moto. "Mama," akasema, "habari ya huko. Wako hapa kwangu. Hawajatoka."

Niliacha kukamua.

"Ni wewe, mama wa huko?" akasema mama yangu taratibu, sauti yake imeshuka. "Habari ni nzuri. Asante kwa kunitunzia. Miaka yote hii umenitunzia binti, na baada ya mwanao kufa umeendelea, sikusikia akilala njaa hata siku moja. Nakushukuru." Akapumua. "Endelea kumtunza, kama bado. Lakini ujue tu, mama, kwamba mwenyewe nipo."

Mama yangu alisubiri, kisha akasema basi, salamu kwa wajukuu, akakata. Mama mkwe aliendelea kuishika simu palepale mbele ya mdomo wake, kioo kikazimika. Ndama alijisukuma akarudi kwenye chuchu, na hakuna kati yetu aliyemtoa.

"Anapikiwa na nani?" akaniuliza.

"Anajipikia mwenyewe."

"Na haoni?"

"Anapapasa," nikasema. "Mwezi uliopita alijiunguza."

Akakaa chini pale pale kwenye samadi kavu, mwanamke ambaye kutwa nzima hakukaa, akaiweka simu yangu mapajani, na mikono yake ikabaki mitupu. Nilisubiri. Kamba ilikuwa kwenye nguzo, hatua chache tu, na wote wawili tulikuwa tunaiona.